Anzia kwenye mizani

Kamembe, Rusizi

Mwanangu Zaina,

Nakupa hongera. Mama yako alinipigia simu jioni ile ile ulipopewa kazi, na vigelegele alivyopiga nadhani vilisikika mpaka Bukavu huko Kongo. Huku mvua inanyesha kwa fujo, njia ya kushuka sokoni ni tope tupu, na sambaza wameadimika kwa sababu ya mbalamwezi. Unajua wavuvi wa taa hawapati kitu mwezi ukiwa mpevu.

Umeniandikia kwamba rais wa ushirika wenu wa mpunga alikwenda kwenye mafunzo Kigali, akaona dashibodi yenye namba kubwa na rangi, na sasa anataka ya kwake kabla ya mavuno. Wewe karani mpya wa takwimu unauliza ujifunze ipi: Power BI, Tableau, au hiyo ya Google? Nitakujibu, tena kwa majina. Ila swali hilo nimeliweka nyuma kwa makusudi, maana katika kazi hii nimekutana na watu wengi wanaojua kuchora vizuri sana namba ambazo hakuna anayejua zimetoka wapi. Vumilia nianze na ya kwangu, halafu twende kwenu Bugarama.

Kazi yangu kituoni unaijua kwa mbali: kila mwisho wa mwezi nachukua yaliyoandikwa kwenye rejista za chanjo, za wajawazito, za malaria, nayajumlisha, nayaingiza kwenye mfumo wa wizara uitwao DHIS2. Rwanda iliuchukua mwaka 2012. Kenya ilikuwa imeshaueneza nchi nzima mwaka mmoja kabla, na Watanzania wana timu yao ya siku nyingi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mizizi yake iko Afrika Kusini, baada ya 1994, walipotaka kuunganisha huduma za afya zilizokuwa zimekatwakatwa na ubaguzi wa rangi. Hadi leo unaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, na yeyote anaweza kuutumia bila kulipia. Kwa hiyo mtu akikutishia na neno dashibodi kana kwamba limeshuka jana, mwambie kituo cha afya cha kisiwani Nkombo na cha Bweyeye kando ya msitu wa Nyungwe vimo ndani ya dashibodi miaka yote hii, sawa na hospitali ya Gihundwe.

Sasa chukua chanjo ya tatu ya pentavalenti, ile ambayo mtoto huchomwa akiwa na wiki 14. Skrini inaonyesha asilimia: watoto waliochanjwa, gawanya kwa watoto tuliowatarajia. Waliochanjwa wanatoka kwenye rejista, tumewaona kwa macho. Tuliowatarajia hatujawahesabu sisi. Ni makadirio yanayotokana na sensa. Sensa ya 2012 ilikuta wilaya yetu ya Rusizi ina watu 400,858, na ile ya Agosti 2022 ikakuta 485,529. Kati ya hizo mbili kuna miaka kumi ya kukadiria, na ukishuka hadi eneo la kituo kimoja makadirio yanayumba zaidi. Halafu kuna daraja la mpakani.

Mama wa Bukavu anayevuka daraja hilo, Rusizi ya kwanza, alfajiri kuja kutafuta nyanya za kuuza huja na mtoto mgongoni. Akiingia kituoni na kadi yake ya chanjo hatumrudishi. Mtoto anachomwa, anaandikwa, anaingia kwenye idadi ya juu ya ile sehemu. Kwenye idadi ya chini hayumo, kwa sababu sensa yetu haikumhesabu. Tuseme mwezi fulani tulitarajia watoto 40 tukachanja 47. Skrini inasoma asilimia 117.5 na kisanduku kinawaka kijani. Mkutanoni wengine wanapiga makofi. Wengine, wale wajuzi, wanasema hakuna asilimia inayozidi mia, futeni hiyo. Wote hawajafungua rejista. Ukiifungua ukateremka na safu ya anwani, ukahesabu walioandikwa Ibanda, Kadutu na Bagira, tuseme unapata 11. Basi wa kwetu ni 36 kati ya 40. Kuna watoto wanne katika vilima vyetu hawajaletwa, na kijani kile kiliwafunika. Mjumbe wa afya wa kijiji anaweza kuwafikia kwa miguu mchana mmoja, ila lazima kwanza mtu ajue kwamba wapo.

Fomu ya mwezi haiulizi mtoto ametoka wapi. Rejista ndiyo inayouliza, na muuguzi wetu wa chanjo ni mtu wa kuandika anwani hata foleni ikifika mlangoni. Ningekaa ofisini na kompyuta yangu ningeendelea kushangaa ile 117.5 hadi leo. Kuna aliyenishauri nitazame mwaka 2020, mpaka na Kongo ulipofungwa kwa ajili ya korona, nione asilimia zilivyoshuka, niwe nimepata ushahidi. Sikuupokea. Mwaka ule hata wa kwetu waliogopa kuja kituoni, kila kitu kilishuka, na ushahidi unaoelekea pande mbili hausaidii. Safu ya anwani inatosha.

Jingine nililojifunza kituoni ni tofauti ya sifuri na kisanduku kitupu. Mwezi usio na mgonjwa wa kipindupindu ni sifuri, na kwa sisi tunaokunywa ziwa moja na Bukavu, sifuri hiyo ni habari njema. Kisanduku kitupu hakisemi chochote: pengine hakuna mgonjwa, pengine karatasi imesahaulika chini ya rejista nyingine, pengine umeme ulikatika siku ya kuingiza. Na DHIS2 kwa kawaida yake haihifadhi sifuri; aliyeutengeneza mfumo lazima aamue ni kwa kipengele gani sifuri itunzwe. Ndiyo maana mtu wa kazi hii akiona chati ya malaria imeshuka nusu, kabla ya kufurahi anauliza vituo vingapi vimeleta ripoti. Kwenu itakuwa hivyo hivyo. Mkulima ambaye hakuleta mpunga msimu huu, na mkulima aliyeleta lakini ukurasa wake haujaingizwa, kwenye chati wote wanaonekana sawa. Mmoja anahitaji kutembelewa, mwingine anahitaji karani amalize kazi yake.

Haya, twende Bugarama.

Kabla ya kujenga chochote kwenye kompyuta, omba ruhusa ukae kwenye mizani siku kadhaa za mapokezi. Beba maji, maana joto la bonde lenu si la huku mlimani. Mtazame anayepima. Anatoa uzito wa gunia tupu au hatoi? Anasubiri mshale utulie, au anataja namba gunia likiwa bado linabembea? Kilo 63 na nusu anaiita 63 au 64? Nani ameshika kalamu, na akienda kuswali Adhuhuri anamwachia nani? Kijana anayeshika kalamu saa hiyo anaandika saba yake kama moja? Hayo yote yataingia kwenye dashibodi yako, upende usipende, na siku rais atakapouliza kwa nini Jumatano mapokezi hushuka, jibu huenda likawa ni kwamba Jumatano ni zamu ya mtu fulani.

Halafu uliza unyevu. Hapa nataka uelewe vizuri, kwa sababu ndipo ushirika hugombana. Mpunga unapotoka shambani una maji ndani yake. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 20 lina kilo 80 za punje kavu na 20 za maji. Likianikwa kwenye turubai hadi kufika asilimia 14, ambayo ndiyo kinu hupenda, zile kilo 80 hazijapungua, ila sasa ni asilimia 86 ya gunia. Gawanya 80 kwa 0.86 upate 93. Kilo saba zimekwenda na jua.

Sasa fikiria daftari la mizani linasema tani 100 zimepokelewa na daftari la ghala linasema tani 93 zimetoka kwenda kinuni. Mtu anayejua programu peke yake atazipanga namba hizo mbili kwenye skrini, kando yake ataweka namba ya tatu kwa rangi nyekundu: upungufu, tani 7. Rais ataiona. Kabla ya jua kuzama bonde zima litakuwa linasema mtunza ghala ni mwizi, na wewe ndiye uliyechora. Kumbe ni maji. Au sehemu ni maji na sehemu ni wizi kweli, na huwezi kutenganisha kwa sababu hakuna aliyeandika unyevu siku ya kupokea. Kwa hiyo safu ya kwanza utakayoiomba iongezwe kwenye daftari, kabla ya rangi yoyote, ni ya unyevu. Kama kifaa cha kupima unyevu kimelala kabatini bila betri, betri hiyo ina thamani kuliko programu ya dola mia.

Baada ya hapo, kata shauri mstari mmoja wa jedwali lako ni kitu gani. Ralph Kimball, Mmarekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1996 kimesomwa na karibu kila mtu wa fani hii, alisisitiza hilo kuliko jambo jingine: tangaza kwanza mstari mmoja unawakilisha nini, usiuchanganye. Kwako ningesema mstari mmoja ni mzigo mmoja wa mwanachama mmoja, siku moja, aina moja ya punje. Wizara ya biashara inapotangaza bei ya chini ya mpunga kila msimu huitofautisha kwa aina ya punje, kama vile ndefu na fupi, kwa hiyo ukizichanganya kwenye mstari mmoja hesabu ya malipo itakushinda. Usiweke mstari wa jumla katikati ya jedwali. Najua daftari la karatasi lina jumla kila chini ya ukurasa, na ni desturi nzuri kwenye karatasi, lakini ukizinakili kwenye Excel pamoja na mistari mingine kila kilo itahesabiwa mara mbili. Taarifa za wanachama ziwe kwenye jedwali lao, mashamba kwenye lao, mikopo ya mbolea kwenye lake, na kinachoyaunganisha kiwe namba ya mwanachama.

Namba, narudia, wala usitumie jina. Bonde lenu lina Hadija, Hadidja na Khadija, na huenda wote ni bibi yule yule aliyeandikwa na makarani watatu, mmoja kasoma kwa Kifaransa, mwingine madrasa, mwingine hakumbuki. Lina Ramadhani, Ramazani na Lamazani. Wengine jina la Kinyarwanda linatangulia, wengine linafuata. Kompyuta ikikutana na hao itakuhesabia wanachama wengi kuliko waliowahi kulima, wastani wa mavuno kwa mkulima utashuka bila mtu kupoteza punje moja, na mkopo wa Hadidja hautakutana kamwe na mpunga wa Khadija.

Kuna pia mtego wa nukta na mkato. Kompyuta nyingi za huku zimepangwa kwa desturi ya Kifaransa, ambapo mkato hutenga desimali, na nukta wengine hutenga maelfu. Nyingine zimepangwa Kimarekani, kinyume chake. Kilo 1.250 kwenye kompyuta moja ni zaidi ya tani, kwenye nyingine ni kilo moja na robo. Tarehe nazo: 03/04 ni Aprili kwa mmoja, Machi kwa mwingine, na mbaya zaidi haikupi kosa lolote, inakubali kimya kimya. Amua desturi moja, iandike kwenye karatasi, ibandike ukutani.

Halafu usichore chochote kwa mwaka wa kalenda. Msimu A unaanza Septemba na kuishia Februari, kwa hiyo mavuno yake yanaangukia Desemba na Januari. Chati ya mwaka itaupasua msimu vipande viwili, nusu huku nusu kule, na mtu atasema mwaka huu tumeanguka. Tengeneza safu ya msimu, uandike 2025A, 2025B, kama wizara ya kilimo inavyoandika, na 2025A ndiyo iliyoanza Septemba 2024.

Ukimaliza hayo ndipo umuulize rais swali ambalo pengine hajaulizwa: ukiiona hiyo dashibodi Jumatatu asubuhi, utafanya nini tofauti? Muulize kwa adabu, lakini muulize, na usiondoke na jibu la "nione hali ilivyo". Muulize na mtunza ghala, na mhasibu, na kiongozi wa wakulima walio mwisho wa mfereji. Mtunza ghala labda anataka kujua magunia mangapi yatafika wiki ijayo ili apate nafasi. Mhasibu anataka kujua nani bado ana deni la mbolea ilhali mpunga wake umeshapita. Wale wa mwisho wa mfereji nadhani nawajua watakachosema, maana kila bonde lenye umwagiliaji lina malalamiko hayo: maji ya mto Rubyiro wanayanywa kwanza wa juu, wa chini wanapata mabaki.

Na hapo ndipo wastani unapodanganya. Tuseme bloku za juu zinatoa tani 6 kwa hekta na za mwisho tani 3. Ukurasa wa mbele utaandika tani 4.5 kwa maandishi makubwa, na namba hiyo hailimwi na mtu yeyote. Onyesha bloku kwa bloku, kuanzia mdomo wa mfereji hadi mkiani, kwa mpangilio ule ule maji yanavyopita. Usizipange kwa alfabeti, wala kwa ukubwa wa mavuno. Ukizipanga kwa njia ya maji, wanakijiji hawatahitaji maelezo yako. Watanyoosha kidole wenyewe pale ngazi inapoanguka, na pengine watakuambia lango fulani limevunjika tangu msimu uliopita.

Sasa programu. Wafanyabiashara wana jina kubwa la kazi hii, BI, yaani business intelligence, na jina hilo ni la zamani kuliko mama yako: Hans Peter Luhn wa IBM aliliwekea makala mwaka 1958, zama ambazo kompyuta ilijaza chumba. Lisikutishe. Anza na Excel ambayo tayari imo kwenye kompyuta ya ofisi. Jifunze jedwali pivoti mpaka uweze kulitengeneza huku unaongea, kisha Power Query, ambayo imo humo humo na inakuunganishia mafaili ya kila wiki bila wewe kunakili na kubandika. Hizo mbili zitakubeba msimu mzima. Ukizizoea, hamia Power BI Desktop. Microsoft waliitoa 2015, inatumia Power Query ile ile, kwa hiyo hutaanza upya. Ni bure kuipakua na kuchora kwenye mashine yako, inataka Windows, na ujanja wa biashara yao uko kwenye kugawana: kuwawekea wenzako ukurasa kwenye tovuti yao ili waufungue kwa akaunti zao kuna ada ya kila mtu kila mwezi. Wajumbe wa bodi yenu wana simu, tena baadhi kioo kimepasuka. Kwao ukurasa mmoja uliochapishwa, au picha kwenye kundi la WhatsApp, unafika mbali kuliko tovuti yoyote.

Looker Studio ya Google ni bure na inafunguka kwenye kivinjari, inasoma Google Sheets moja kwa moja. Shida ni kwamba bila intaneti huna kitu. Kama mkitaka kuacha daftari na kupokea mizigo kwa simu pale pale kwenye mizani, tazama KoboToolbox, inakubali kujaza fomu bila mtandao na kutuma baadaye. Metabase na Superset ni nzuri ila zinataka seva na mtu wa kuilea, acheni kwanza.

Tableau Public nimeitenga peke yake. Ni nzuri kwa macho na haina malipo, lakini unachokichapisha humo kinaonekana na dunia nzima. Orodha ya wakulima yenye majina, namba za simu na madeni ya mbolea haipelekwi huko hata kwa majaribio. Rwanda ina Sheria Na. 058/2021 ya kulinda data binafsi, na Mamlaka ya Usalama wa Mtandao ndiyo inayoisimamia, lakini hata isingekuwepo sheria, deni la mtu ni siri yake na ushirika. Kwenye ukurasa wa mkutano mkuu weka bloku, usiweke watu.

Kuhusu michoro sina mengi. Rais atataka saa za duara zenye mshale kama za gari, na maduara yaliyokatwa kama keki. William Playfair, Mskoti, ndiye aliyetupa nguzo mwaka 1786 na duara mwaka 1801, hivyo lawama na shukrani zote ni zake. William Cleveland na Robert McGill huko Marekani walipima mwaka 1984 jinsi macho yanavyosoma, wakakuta tunalinganisha urefu vizuri kuliko pembe. Chora nguzo, zianzie sifuri. Kwa mambo ya wakati chora mstari. Rangi tumia moja, na ya pili kwa jambo moja tu unalotaka lionekane. Printa ya ofisi yenu inachapisha nyeusi na kijivu, kwa hiyo nyekundu na kijani vitatoka sawa. Kila chati ibebe tarehe ya data na idadi ya madaftari yaliyoingia kati ya yanayotakiwa. Rais atakuambia inachafua ukurasa. Mkubalie maandishi yawe madogo, usikubali yaondoke.

Nimalizie na watu, maana wewe ni mpole na naogopa wasikutumie. Nchi yetu imezoea ahadi za namba. Mwaka 2006 mameya wa wilaya walianza kuweka saini imihigo, yaani ahadi hizo, mbele ya Rais wa nchi, na mtindo umeshuka hadi kwenye nyumba zetu. Umetuletea mengi mazuri, sikatai. Lakini namba ikishaahidiwa, inaanza kuvutwa. Kuna siku mtu mwenye cheo atakuja mezani kwako na kusema kwa upole, "Zaina, hii 3 ya bloku ya mwisho, si uiandike 4, hao watu wanaleta kesho." Usibishane naye wala usimtukane. Mwambie, "Sawa mzee, wakileta kesho, kesho itasoma 4," kisha umwonyeshe daftari la mizani. Ukiwa na ukurasa wa daftari wenye saini ya mpimaji kwa kila namba iliyo kwenye skrini, huna haja ya kuwa jasiri. Ndiyo maana kila mstari wa jedwali lako uwe na safu mbili zisizopendeza: namba ya daftari na namba ya ukurasa. Waliokutangulia hawakuweka. Wewe weka.

Usiahidi dashibodi kamili kabla ya mavuno. Ahidi ukurasa mmoja wenye mapokezi ya wiki kwa kila bloku, pamoja na unyevu, na deni la mbolea lililobaki kwa jumla. Ukurasa huo uupeleke kila Jumatatu, saa ile ile, hata wiki ambayo hakuna aliyeuliza.

Nikija Bugarama kwa arusi ya binti wa jirani yenu nitapita ofisini kwako, mwambie mtunza ghala mapema asije akadhani ni ukaguzi. Kabla ya hapo nipigie picha kurasa mbili tatu za daftari la mizani, moja ya asubuhi na moja ya saa ya Adhuhuri, majina uyafunike na kipande cha karatasi, unitumie. Nataka kuona hizo saba zinaandikwaje.

Wasalimie sana mama yako na bibi.

Mama yako mdogo